Orodha ya abiria ina kilobaiti ngapi?

Wadau, kuna hesabu moja ndogo imekaa kichwani mwangu wiki ya tatu sasa. Nimeona niimwage hapa tusaidiane kuibeba.

Chukua karatasi, andika jina la mtu: lake, la baba, la babu. Kwa wastani utatumia herufi 25 hivi, ukihesabu na nafasi kati ya majina. Kwenye kompyuta herufi moja ya kawaida hukaa kwenye baiti moja. Kwa hiyo majina ya watu 1,000 ni baiti 25,000, yaani kilobaiti 25. Picha moja unayopiga kwa simu pale Bismarck Rock ukiwa na mchumba wako ina kilobaiti 2,000 au 3,000, na simu za siku hizi zinavuka hapo. Watu elfu moja na majina yao matatu matatu hawazidi sehemu moja kati ya themanini ya picha hiyo!

Kwa nini nahesabu majina? Kwa sababu mimi ni mtu wa Mwanza, na hapa Mwanza majina yaliyopotea ziwani ni habari ambayo haijawahi kwisha.

MV Bukoba iling'oa nanga Bukoba usiku wa tarehe 20 Mei 1996, ikapita Kemondo kuchukua abiria na mizigo zaidi, ikaelekea huku kwetu. Asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka na kuzama kabla ya kuifikia Mwanza. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, la walalahoi, halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo ukiuliza walikufa wangapi utapewa makadirio: huyu atakwambia 800, yule atakwambia karibu 1,000. Nenda makaburi ya Igoma ukasimame pale, utaelewa ninachosema. Familia nyingi zilijua ndugu yao amekufa kwa sababu tu hakurudi.

Kuna kipande cha mkasa huu ambacho vijana wengi hawakijui. Kati ya waliokufa alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kigogo mkubwa wa al-Qaeda. Katika kesi ya New York ya mwaka 2001 ilielezwa kwamba wenzake walituma watu waje mpaka ziwani kuulizauliza kama ni kweli amekufa. Fikiria hilo! Kikundi chenye fedha na mtandao wa dunia nzima kilifanya kilekile alichofanya bibi wa Muleba anayemtafuta mjukuu: kufunga safari, kutembea, kuuliza. Hapakuwa na karatasi ya kwenda kuisoma.

Basi hii makala ni ya bakapu. Nakala ya akiba, kama mnapenda Kiswahili cha ofisini. Bakapu maana yake ni kwamba kitu kilichoandikwa mahali A kina nakala mahali B, na kitakachoiangamiza A hakitaifikia B. Daftari la pili lililo ndani ya meli ileile si bakapu. Diski ya pili iliyo juu ya meza ileile si bakapu, mwizi atazibeba zote mbili, moto utazila zote mbili. Nakala lazima iondoke. Na ikishakuwa lazima iondoke, swali la pili linakuja lenyewe: inaondoka kwa kasi gani?

Hapo ndipo wengi wetu tunapolalamika. Mtandao unasuasua, bando limekwisha, kompyuta inasema zimebaki siku nne. Malalamiko ni ya haki, nitayafikia. Lakini kwanza nataka tuangalie kasi ya polepole kuliko zote ziwa hili lilizowahi kuwa nazo.

Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Mwanza na Bukoba. Simu ya upepo ndilo jina wazee walilolipa redio ya mawasiliano. Mlingoti mrefu, mtambo wa umeme, na mtu mmoja mwenye kidole chepesi anayegonga alama fupi na ndefu za Morse. Waingereza walikiona kituo cha Bukoba kuwa hatari kiasi kwamba Juni 1915 walipanda meli kutoka Kisumu na askari wao, wakavuka ziwa, na tarehe 23 mji ulikuwa mikononi mwao. Wakauharibu mtambo na kuuangusha mlingoti, kisha wakarudi walikotoka. Hawakuwa na shida ya kuikalia Bukoba siku ile. Walitaka habari za upande wa magharibi wa ziwa zisiruke tena maji.

Sasa mtambo ule ulikuwa na kasi gani? Mgongaji mzuri anatuma maneno kama 20 kwa dakika. Wataalamu huhesabu neno kuwa herufi tano na nafasi moja, kwa hiyo ni herufi 120 kwa dakika, herufi 2 kwa sekunde. Tukiipa kila herufi baiti yake, simu ya upepo ya Mjerumani ilikuwa na kasi ya baiti 2 kwa sekunde. Ni kichekesho. Picha yako ya Bismarck Rock ya kilobaiti 2,000 ingechukua sekunde milioni moja, siku 11 na nusu za kugonga bila kulala.

Lakini majina 1,000? Baiti 25,000 gawanya kwa 2 ni sekunde 12,500. Saa tatu na nusu, kasoro dakika chache.

Mnaona ninakoelekea. Meli iliyoondoka Bukoba usiku na kuzama asubuhi ilikuwa majini kwa muda mrefu kuliko huo. Kwa kasi ya mwaka 1915, kasi ya baiti mbili, majina yote ya waliomo yangeweza kufika nchi kavu kabla ya jua la tarehe 21 kuchomoza. Sisemi orodha ingemuokoa mtu. Aliyezama angezama. Ila mama yake angejua, na serikali ingehesabu, na huyo wa daraja la tatu angekuwa na jina.

Kwa hiyo ubovu haukuwa kwenye kasi. Hakuna mtu aliyekuwa amelipa daraja la tatu orodha. Kitu ambacho hakijaandikwa hakina baiti hata moja, na hakuna waya duniani utakaokisafirisha.

Nimekaa hapo muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu mijadala ya mitandao na teknolojia huwa tunaianza kwenye vifaa na kuimalizia kwenye vifaa. Sasa twende kwenye vifaa.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Kirumba kumtembelea mzee mmoja aliyekuwa fundi kompyuta wa ofisi fulani hapa mjini, miaka ambayo mimi nilikuwa bado natambaa. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, tukaagiza sato. Nikamuuliza mlikuwa mnapelekaje bakapu makao makuu Dar es Salaam. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mwanangu, bakapu yetu ilikuwa inasafiri na konda."

Alikuwa hatanii. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 intaneti ilikuwa ni modemu inayolia kwenye waya wa simu. Modemu ya kasi kuliko zote madukani iliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde. Hapa kuna mitego miwili ambayo mpaka leo inawanasa watu wenye shahada zao. Wa kwanza: hizo 56 zilikuwa za kupokea. Kutuma kulikuwa kilobiti 33.6 kwa kiwango cha V.90, na bakapu ni kutuma. Wa pili: hizo ni biti, si baiti. Baiti moja ni biti nane. Gawanya 33.6 kwa 8 unapata kilobaiti 4.2 kwa sekunde, waya ukiwa mzima na hakuna mtu anayeinua simu ya ofisini kupiga stori na shemeji yake.

CD moja ilibeba megabaiti 700. Kwa kilobaiti 4.2 kwa sekunde ni saa 46. Kwa bei ya simu ya masafa ya enzi zile sijui ofisi gani ingelipa bili hiyo na kubaki wazi.

Basi la Dar nalo halikuwa na haraka. Barabara ya Singida ilikuwa mateso, na mabasi mengi ya Mwanza yalizunguka kwa Sirari, Nairobi na Namanga, unavuka nchi ya watu ndipo uingie tena kwako. Tuseme safari imechukua siku moja na nusu, saa 36. CD moja mikononi mwa konda ni megabaiti 700 kwa saa 36, ambayo ni kama kilobiti 43 kwa sekunde. Konda ameishinda modemu! Na hiyo ni CD moja. Mpe boksi la CD 50, ambalo halizidi mfuko wa dagaa, na konda yuleyule anakuwa na kasi ya zaidi ya megabiti 2 kwa sekunde. Ofisi nyingi za Mwanza zingetoa macho kupata laini ya namna hiyo wakati ule.

Msidhani ni ushamba wetu. Septemba 2009 kule Afrika Kusini kampuni moja iliyochoshwa na intaneti ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya gigabaiti 4, akaruka kama kilometa 80 mpaka Hillcrest karibu na Durban kwa saa moja na dakika nane. Ukijumlisha na muda wa kuihamishia data kwenye kompyuta ilikuwa kama saa mbili na dakika saba. Katika muda huo laini ya intaneti ilikuwa imepeleka asilimia 4 tu ya mzigo. Dunia ilicheka. Mzee wangu wa Kirumba hakuona la ajabu.

Ila konda ana udhaifu wake, na udhaifu huo ndio unaotufundisha kwamba neno "kasi" lina maana mbili ndani yake. Ipo ya kwanza: mzigo kiasi gani unafika kwa sekunde. Ipo ya pili: baiti ya kwanza inachukua muda gani kufika. Boksi la konda lina mzigo mkubwa, lakini baiti yake ya kwanza inafika baada ya saa 36, na kama basi limepinduka utajua kesho kutwa. Mgongaji wa Morse mzigo wake ni baiti mbili tu, lakini baiti hizo ziko ng'ambo sekunde ileile. Ukitaka kuhamisha maktaba, tafuta konda. Ukitaka kuwahi maafa, tafuta mgongaji.

Baadaye yakaja madishi. Kabla ya nyaya za baharini, intaneti ya Tanzania karibu yote ilipita angani, na ofisi, hoteli na miradi ya utafiti hapa Mwanza iliyokuwa na uwezo iliweka dishi lake juu ya bati. Setilaiti za aina ile zimetulia juu ya ikweta, karibu kilometa 36,000 kutoka ardhini. Data inapanda 36,000, inashuka 36,000. Jibu la "nimepokea" nalo linapanda na kushuka. Jumla kilometa 144,000. Mwanga wenyewe, unaokwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, unatumia karibu nusu sekunde. Huwezi kumlipa mtu hela akaipunguza. Ni sheria ya maumbile.

Nusu sekunde ni nini? Kwa barua pepe si kitu. Kwa bakapu ni balaa, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hili ndilo lililowatesa mafundi wa enzi zile bila wengi kulielewa. Mtumaji hatumi moja kwa moja kama bomba la maji. Anatuma fungu, anangoja apewe "nimepokea", ndipo aendelee. Kompyuta nyingi za zamani fungu lao kubwa kabisa lilikuwa kilobaiti 64. Ukituma kilobaiti 64 halafu ukangoja zaidi ya nusu sekunde, hata bosi akununulie laini ya megabiti 10, wewe utaishia kupeleka kilobaiti 115 au 120 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya megabiti moja! Dawa ilikuwepo tangu 1992, wataalamu walishaandika kanuni ya kukuza fungu, lakini ilitegemea kama kompyuta za pande zote mbili zinaijua na kama kuna mtu ameiwasha.

Na mafaili madogo madogo ndiyo yaliyoua kabisa. Tuseme una fomu 10,000, kila moja faili lake, na programu yako inauliza maswali matatu kwa kila faili: je, unalo hili? nifungue? umepata? Maswali 30,000 mara nusu sekunde ni sekunde 15,000. Zaidi ya saa nne za kuulizana tu, kabla ya kuhesabu mzigo wenyewe. Ukizifunga fomu zote kwenye faili moja, maswali yanabaki matatu. Mzigo uleule, dishi lilelile. Mafundi waliolijua hilo walionekana wachawi.

Kuna jambo linanigusa kila nikilikumbuka. Juni 1996, mwezi mmoja tu baada ya MV Bukoba, kule Canberra, Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa programu inayoitwa rsync, iliyobuniwa kwa ajili ya njia nyembamba na zenye kuchelewa. Wazo lake ni rahisi kwa namna ya kukera. Kama upande wa pili tayari una nakala ya jana, kwa nini utume yote leo? Pande mbili zinalinganisha alama fupi za vipande vya faili, kisha kinatumwa kile tu kilichobadilika. Daftari la hospitali lenye kurasa 500, leo zimeongezeka mbili, basi zitasafiri hizo mbili na alama chache. Kwa mtu mwenye laini mbaya hiyo inashinda kununua laini mpya.

Wakati huohuo hapa kanda ya ziwa kulikuwa na data ambazo zikipotea haziandikwi tena. Kati ya 1991 na 1995 watafiti walifanya jaribio kubwa vijijini mkoani Mwanza, jamii 12, wakaonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Ukimwi kwa takribani asilimia 40. Tangu 1994 wakazi wa Kisesa, kilometa kama 20 mashariki mwa jiji, wanafuatiliwa raundi baada ya raundi, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Huwezi kurudi 1994 ukagonga hodi upya. Hata samaki wetu wana habari yao: kuanzia 1977 timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, ilikusanya furu wa ghuba ya Mwanza na kuwapeleka kwao wakiwa kwenye chupa. Sangara akaja juu miaka ya 1980, akawamaliza furu wengi. Aina kadhaa leo ukitaka kuziona lazima uende kwenye chupa za Waholanzi. Kwa mara moja nakala iliwahi kuondoka, ingawa haipendezi kwamba imekaa huko.

Mwaka 2006 ukaja mgawo wa umeme, mnaoukumbuka mnaukumbuka. Programu za bakapu zisizojua kuendelea zilipoishia zilianza upya kila umeme uliporudi. Faili la saa tano kwenye umeme wa saa nne halifiki milele. Ni hesabu ya darasa la tatu, lakini seva ngapi zilikesha zikiirudia!

Tarehe 23 Julai 2009 kebo ya SEACOM ikawashwa, Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa nyuzi za kioo chini ya bahari. EASSy ikafuata 2010. Serikali nayo ilishaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao awamu kwa awamu ulizifikia na mikoa ya huku ziwani. Ndani ya kioo mwanga unakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Mwanza hadi Dar es Salaam, tuseme kilometa 1,200 za waya, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 12, kutoka 500 za dishi. Tuliopata akili ya mambo haya baada ya mkongo hatujui tulichookolewa nacho.

Lakini mitego ya zamani haijafa. Mimi nina diski ya gigabaiti 500, picha na rekodi za mahojiano. Kampuni inayoniuzia intaneti, sitaitaja, inatangaza megabiti 10 kwa herufi kubwa, na kwa bahati hizo 10 ni za kutuma pia. Nane zigawe kumi, ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Toa anwani, vichwa vya vifurushi na kuthibitishana, inabaki kama 1.1. Gigabaiti 500 kwa 1.1 ni siku tano na robo, mchana na usiku, bila mtu mwingine nyumbani kuangalia mpira. Sikuipeleka hivyo. Nilinunua diski ya pili, nikaijaza usiku mmoja, nikamkabidhi binamu yangu anayekaa Geita. Konda, mnamwona amerudi. Kupitia intaneti ninatuma yale tu ya kila siku, gigabaiti moja au mbili, dakika 15 hadi 30 nakwenda kunywa chai.

Na tusisahau safari ya kurudi, maana bakapu ni ya kurudisha. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga huduma kwa siku mbili. Mwenye nakala zake zote Ulaya siku ile alikuwa kama aliyeweka akiba benki yenye mlango mmoja, na mlango umefungwa. Mwenye nakala Geita alipanda basi.

Narudi ziwani, maana ndiko mzigo wa makala hii ulipo.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kikawa kinawarudisha watu Ukara. Uwezo wake ulikuwa kama abiria 100. Kikapinduka hatua chache kabla ya gati la Bwisya, watu wa kisiwani wakiona kwa macho. Zaidi ya watu 220 walikufa, waliookolewa hawakuzidi 41. Nilikuwa SAUT wakati huo, pale Malimbe, na darasa zima tulikuwa tumeinamia simu. Taarifa ya kwanza watu wachache, kisha makumi, kisha zaidi ya mia, na swali lilelile la 1996 likarudi: walikuwemo wangapi? Ikaelezwa kwamba aliyekuwa akikata tiketi naye alikufa, na mashine iliyotunza takwimu za abiria ikapotea pamoja naye.

Someni tena sentensi hiyo. Ilikuwa 2018. Mkongo upo, kebo za bahari zipo, abiria ndani ya kivuko wana simu mifukoni. Safari hii kulikuwa na orodha, au angalau hesabu, ndani ya mashine. Nakala ya nje ndiyo iliyokosekana siku ile ilipohitajika. Weka majina 300, kila moja na kijiji na namba ya simu, herufi 50: kilobaiti 15. Kwa intaneti ya simu ya kizazi cha zamani kabisa, ile ya GPRS ya kilobiti 40, ni sekunde 3. Kama hakuna intaneti, ujumbe mfupi wa simu unabeba herufi 160, unatuma majina matatu matatu, ujumbe 100. Kama mnara hausomi kabisa, kuna karatasi ya kaboni: nakala ya chini inabaki Bugolora na karani wa gati kabla kamba haijafunguliwa. Hiyo ya kaboni ndiyo yenye kasi kuliko zote, inafika kabla ya safari kuanza.

Kuna watu wataniambia nalaumu marehemu. Hapana. Mkata tiketi hakubuni utaratibu, aliukuta. Ninaouliza ni utaratibu.

Februari 2023 ilishushwa majini hapa Mwanza meli mpya, MV Mwanza, ya abiria 1,200. Ni kubwa kweli, nilisimama nikaitazama kama mtoto. Abiria 1,200, kila mmoja jina, umri, anakotoka na namba ya simu ya ndugu, tuseme herufi 60, ni kilobaiti 72. Kwa modemu ya mzee wangu wa Kirumba ni sekunde 17. Nimeshaandaa swali la kuuliza bandarini nikienda kuandika habari zake: kati ya saa meli inapong'oa nanga na saa inapotia nanga, hizo kilobaiti 72 zinakaa wapi? Nikipata jibu nitawaletea hapahapa, na jina la gati lililonijibu.